Jessie Eden na Wapangaji 49,000 wa Birmingham

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki, na najua wengi mlitegemea niwaletee Mwalimu Nyerere au Tom Mboya. Mtanisamehe. Safari hii nawaletea mama mmoja wa hapahapa Birmingham, mfanyakazi wa kiwandani, na sababu ya kumchagua ni ya aibu kidogo. Naanza na hiyo aibu.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa watano kwenye nyumba moja Selly Oak. Mmoja wetu, jamaa wa Kisumu, pesa za ufadhili wake zilichelewa, na kazi ya boksi aliyokuwa anaitegemea nayo ikakatika. Akadaiwa kodi ya miezi miwili. Jioni moja mwenye nyumba akaja, akasimama katikati ya sebule, akamwambia kesho asubuhi atarudi na polisi wamtoe. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Jamaa hakungoja hiyo asubuhi. Usiku uleule alifunga mabegi mawili akaenda kulala kwenye kochi la binamu yake Coventry. Sisi wanne tulikuwa jikoni. Tulisikia magurudumu ya begi yakishuka ngazi, na hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa mmoja aliyetaka kujua kama sufuria zake anaziacha.

Mwingereza angeshangaa kwa nini alikimbia mapema hivyo. Mimi sikushangaa. Sisi tumekulia mahali ambapo mwenye nyumba akishakuja na askari, mambo yamekwisha. Kenya dalali anayekamata vitu au kumfurusha mpangaji akihofia fujo anaomba mahakamani apewe polisi, na mara nyingi amri inamtaja OCS wa kituo husika ahakikishe amani. Kwetu Tanzania dalali wa mahakama naye huomba ulinzi wa polisi. Kisheria askari yupo pale kutunza amani tu. Lakini mtoto anayeona kitanda cha mama yake kimewekwa barabarani hatofautishi kati ya anayebeba kitanda na anayemlinda anayekibeba. Na wako wenye nyumba wasiojisumbua na mahakama kabisa: wanang'oa mlango au wanaezua bati, mwisho wa habari. Jamaa yetu alikuwa amebeba yote hayo kichwani. Sisi wanne pia.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nikaanza kusoma habari za Jessie Eden. Jina nilikuwa nalijua kutoka kwenye tamthilia ya Peaky Blinders, kama wengi wenu. Mle ndani, katika msururu wa mwaka 2017 na wa 2019, wamemfanya mrembo anayeingia mapenzini na bosi wa majambazi. Hilo la mapenzi ni chumvi ya watunzi, msilibebe. Lakini mwanamke mwenyewe aliishi kweli, na maisha yake halisi yanapendeza kuliko hayo ya kwenye luninga.

Alizaliwa hapa Birmingham Februari 1902, jina lake la nyumbani Jessie Shrimpton. Baba yake alikuwa fundi wa vito, kazi ambayo mji huu unasifika nayo mpaka leo. Mwaka 1923 aliolewa na Albert Eden. Ndoa haikudumu, jina likabaki. Akaajiriwa katika kiwanda cha Joseph Lucas, waliokuwa wanatengeneza vifaa vya magari, na huko akajiunga na chama cha wafanyakazi wakati ambapo wanawake wachache sana walithubutu.

Mei 1926 ulitokea ule Mgomo Mkuu wa Uingereza, wafanyakazi wa sekta nyingi wakiwaunga mkono wachimba makaa ya mawe. Jessie alikuwa na miaka 24. Akawatoa nje wanawake wa sehemu yake kiwandani. Katika maandamano ya siku hizo kulitokea jambo dogo ambalo alikuja kulisimulia gazetini miaka 50 baadaye, na mimi naliona ndilo ufunguo wa maisha yake yote. Askari walimshika mkono wakimwambia aende nyumbani. Umati ukaanza kupiga kelele aachwe. Wanaume kadhaa wakasogea, wakawasukuma wale askari, na askari wakaondoka bila kufanya kitu. Jessie alieleza kwamba hakuwahi kuwaogopa polisi wala wanajeshi, kwa sababu watu walikuwa pamoja naye. Si kwamba alikuwa na moyo wa simba. Alikuwa amepiga hesabu tu: askari wawili mbele ya mwanamke mmoja ni nguvu, askari haohao mbele ya watu elfu wanaanza kutafuta njia ya kurudi.

Mwaka 1931 akaitumia hesabu hiyo kiwandani. Uongozi wa Lucas ulileta mfumo wa Bedaux, wa kumpima mfanyakazi kwa saa kila anapoinua mkono. Jessie alikuwa na mikono myepesi, kwa hiyo walimpima yeye ili kasi yake iwe kipimo cha wenzake wote. Hapo wangemtenga na wenzake milele, maana nani anampenda mtu ambaye mwendo wake umekuwa fimbo ya kuwachapia wengine? Yeye akageuza kibao. Akapita benchi kwa benchi, na wanawake wapatao 10,000 wakatoka nje. Kampuni ikauacha ule mfumo. Tamthilia imegusagusa habari hii, lakini idadi hiyo haienei kwenye skrini.

Malipo yake yalikuwa kupoteza kazi. Waajiri walimjua, milango ikafungwa. Alikuwa amejiunga na chama cha Kikomunisti, ambacho hapa Birmingham wanachama wake wakati ule walikuwa wa kuhesabika, na chama kikampeleka Moscow kuwahamasisha wanawake waliokuwa wakijenga reli ya chini ya ardhi. Kirusi hakijui hata neno. Tuliofika Birmingham tukidhani Kiingereza chetu cha shule kinatosha, halafu tukakutana na lafudhi ya hapa, tunaweza kumhurumia kidogo. Mambo ya Urusi ya miaka ile yana kurasa zake nyeusi na mimi simsafishi mtu. Siasa zake za huko siwauzii. Ninachokitaka mimi ni mwaka 1939, alipokuwa amekwisha rudi nyumbani.

Sasa tusogee kwenye nyumba. Mkitaka kuona maskini wa mji huu walivyoishi zamani, nendeni pale Hurst Street kwenye zile nyumba zilizogawana ukuta wa nyuma, ambazo sasa ni makumbusho. Familia nzima vyumba viwili vitatu, choo uani mnatumia na majirani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza manispaa ilianza kujenga nyumba zake kwa kasi kubwa, na mwaka 1933 Neville Chamberlain mwenyewe, ambaye baadaye akawa Waziri Mkuu, alifungua nyumba ya 40,000 pale Weoley Castle. Ni mwendo mfupi tu kutoka chuoni kwetu. Kwa hiyo mwenye nyumba mkubwa kuliko wote Birmingham alikuwa jiji lenyewe.

Mwaka 1939 jiji likaamua kupandisha kodi na kutoa punguzo kwa watakaothibitisha kuwa ni maskini, yaani kipato cha mtu kipimwe. Neno hilo la kupimwa lilikuwa na uchungu. Tangu 1931 watu wasio na kazi walikuwa wamepimwa namna hiyo ili wapewe posho, ofisa anaingia mpaka ndani kuuliza watoto wanaingiza shilingi ngapi. Wapangaji wakakataa. Jessie akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha wapangaji wa nyumba za manispaa, wakatangaza mgomo wa kodi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana wengi wakisimulia mgomo huu hawaelezi wapangaji walikuwa wanahatarisha nini.

Kulikuwa na sheria ya mwaka 1838, mahsusi kwa nyumba za kodi ndogo, zisizozidi paundi 20 kwa mwaka. Mwenye nyumba akishatoa notisi na mpangaji hajatoka, anakwenda kwa mahakimu. Mahakimu wakiridhika wanatoa hati, na hati yenyewe haimwendei dalali. Inakwenda kwa makonstebo wa eneo lile, ikiwaamuru wao polisi, baada ya siku zisizopungua 21 na zisizozidi 30, waingie ndani, kwa nguvu ikibidi, na kumkabidhi mwenye nyumba jengo lake. Umeona? Hapo askari hakuja kusimama pembeni kutunza amani. Yeye ndiye mtoaji. Sheria hiyo ilipanga mpaka muda: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, si Jumapili, si Ijumaa Kuu, si Krismasi. Na wapangaji wa manispaa walikuwa hawana kinga nyingine. Zile sheria za kuzuia kodi zilizowalinda wapangaji wengi wa watu binafsi hazikuwahusu wao. Haki ya mpangaji wa manispaa kutotolewa bila sababu inayokubalika mbele ya jaji ilikuja na Sheria ya Nyumba ya 1980, wakati Jessie ana miaka 78.

Tazameni tena ule muda, saa tatu mpaka saa kumi. Wanaume wengi wako kazini saa hizo. Anayefungua mlango ni mama. Kwa hiyo mgomo wa kodi tangu mwanzo unakuwa wa wanawake, wataka wasitake. Hata kule Glasgow mwaka 1915, Mary Barbour na wenzake ndio waliowazuia watekelezaji wa amri za mahakama ngazini, wakiwarushia unga, mpaka Bunge likapitisha sheria ya kuzuia kodi kupanda kabla mwaka haujaisha.

Birmingham waligoma wapangaji 49,000. Sijakosea sifuri. Sasa piga hesabu mwenyewe. Hati ya 1838 inatolewa kwa nyumba moja, jina moja, mlango mmoja. Hata polisi wangetoa familia 100 kila siku, siku 490 zingepita kabla hawajamaliza, na hiyo ni bila kupumzika Jumapili. Halafu hao waliotolewa wangelala wapi? Jiji lingebaki na nyumba tupu na barabara zilizojaa vitanda, na uchaguzi unakuja. Mtambo wote wa kumtoa mtu nyumbani, kuanzia notisi, hakimu, hati, mpaka askari mlangoni, umetengenezwa kwa mtu mmoja mmoja. Jessie aliliona hilo tangu siku ile aliposhikwa mkono mwaka 1926.

Mgomo ulidumu wiki 10. Jiji likarudi nyuma, ule mpango ukafutwa. Mambo yakaishia hapo bila zile picha za marungu tunazozitarajia. London haikuwa hivyo. Mwaka huohuo kule Stepney, kwenye majengo ya Langdale Mansions, wapangaji wa mtu binafsi walizungushia waya wa miiba, na madalali walipokuja walisindikizwa na polisi wengi, wakavunja, watu wakapigwa. Hata hivyo kodi zikashushwa. Septemba vita ikaanza, serikali ikazuia kodi za nyumba za watu binafsi kupanda nchi nzima.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilishtuka kidogo, maana tarehe zilinikumbusha nyumbani. Mgomo wa Birmingham umemalizika katikati ya 1939. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Mombasa ikalipuka kwa mgomo wake. Walioanza walikuwa vibarua wa idara ya kazi za umma, na kilichowauma zaidi kilikuwa kodi za vyumba, wakadai posho ya nyumba. Ikaenea mpaka bandarini, serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume iliyoongozwa na Willan. Na kabla yao, mwaka 1928, watu wa Ng'ambo pale Unguja walikataa kulipa kodi ya ardhi. Ng'ambo nyumba ilikuwa yako, umeijenga kwa mikono yako. Kiwanja ndicho cha mwenyewe. Kwa hiyo kufukuzwa maana yake kubomolewa. Watu walipokamatwa kwa kesi hizo, umati ulikwenda kuwatoa kwa nguvu, na serikali ikatunga sheria ya kudhibiti kodi ile. Sidhani kama Jessie aliwahi kusikia hata jina la Ng'ambo. Wala bibi zetu hawakumjua yeye. Lakini tusidanganyane kwamba kuogopa ndiyo mila yetu.

Maisha yake yaliyobaki nitayapitia haraka. Mwaka 1945 aligombea ubunge wa Handsworth kwa tiketi ya Wakomunisti, akaanguka vibaya. Watu walimtaka wakati wa kodi, bungeni hawakumtaka. Siasa ndivyo ilivyo. Mwaka 1948 aliolewa na Walter McCulloch, mwenzake katika chama. Mwaka 1969, ana miaka 67, bado alikuwa mbele ya maandamano mjini hapa kupinga vita ya Vietnam. Alifariki Septemba 1986 akiwa na miaka 84, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa linajulikana kwa wanaharakati na wapenda historia ya Birmingham tu, mpaka luninga ilipomfufua na kumvika gauni ambalo pengine asingelivaa.

Ile sheria ya 1838 imekwisha futwa. Lakini swali la jamaa yetu wa Kisumu bado liko palepale: polisi wanaweza kuja kukutoa? Nimelifuatilia, na mwenye chumba cha kupanga asome hapa polepole.

Kwa Sheria ya Kinga dhidi ya Kufukuzwa ya 1977, kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, kubadilisha kitasa akiwa kazini, au kumsumbua ili aondoke mwenyewe, ni kosa la jinai. Anayekamatika hapo ni mwenye nyumba. Njia halali ni notisi, kisha mahakama, kisha hati, kisha madalali wa mahakama ya wilaya, ambao nao lazima wakuandikie siku 14 kabla ya kuja. Hawa wakija na askari, askari yuko pale kuzuia fujo. Kuna mlango mmoja tu ambapo askari anawajibika kusaidia kazi yenyewe: maofisa watekelezaji wa Mahakama Kuu wakiwa na hati yao wakimwomba konstebo msaada, Sheria ya Mahakama ya 2003 inamtaka asaidie. Lakini hata hapo, jaji amekwisha sema. Mwenye nyumba hawezi kupiga simu tu kituoni akaletewa kikosi kwa sababu ya deni la miezi miwili. Deni la kodi si jinai.

Mwangalie na aina ya makazi yenu. Ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba, mnatumia jiko moja, kinga yako ni ndogo sana. Notisi ya muda wa kutosha ikiisha anaweza kukutoa bila kwenda mahakamani, mradi asitumie nguvu. Ile notisi ya kuondoka bila sababu, maarufu kama kifungu cha 21, imefutwa Uingereza na Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, tarehe ya kuanza ikiwa 1 Mei 2026. Na shida moja ya kweli: baadhi ya askari wenyewe hawaijui sheria ya 1977. Ukiwaita wanaweza kukuambia hayo ni madai binafsi, wakaondoka. Mkumbushe kwa adabu jina la sheria na mwaka wake, uandike namba ya begani mwake, na uwe na wenzako hapo mlangoni.

Nilimpigia simu jamaa yetu kumweleza yote haya. Alicheka, akaniambia wakati ule angekuwa na mtu mmoja tu wa kusimama naye sebuleni angeisubiri hiyo asubuhi aone nani anakuja. Sikuwa na jibu. Akaniuliza habari za sufuria zake, nikamwambia ninazo mimi.

Likitokea kwako, zaidi ya ofisi ya ushauri ya chuo na shirika la Shelter, kuna pa kupeleka malalamiko ambapo pamenichekesha. Sheria ya 1977 imeipa halmashauri ya jiji uwezo wa kumshtaki mwenye nyumba anayefukuza watu bila mahakama. Halmashauri ni ileile ya mwaka 1939, na ofisi zake ziko pale Victoria Square.